Maji Yasiyo na Bustani

Baba yangu alinipa maji siku ya harusi yangu, na ukoo mzima ukacheka. Mashangazi waliokuja kutoka Muskat walizoea kuona binti akipewa vitanda, makabati, vyombo vya chai na dhahabu ya kumwinamisha shingo. Hayo nilipewa, maana mama asingekubali aibu, lakini baba akaongeza zawadi yake mwenyewe: zamu ya maji katika falaji ya Ibra, inayoanza alfajiri na kwisha jua likishapanda. Shangazi mmoja akauliza kama bwana harusi anaoa mke au anaoa bomba. Walicheka mpaka wakashika mbavu, na mimi nikiwa na hina mikononi nikacheka nao.

Kwetu maji hayakuwa mali. Wazee wangu walitoka Unguja, ambako mtu akitaka maji huchimba kisima nyuma ya nyumba. Mali kwao ilikuwa nyumba, mikarafuu, na kabati la msaji lenye kioo. Walipofika Oman baada ya mapinduzi, nchi ya mababu ambayo hawakuwahi kuiona, waliendelea kuitazama dunia kwa macho ya kule. Baba peke yake ndiye aliyejifunza. Aliona kwamba Ibra ardhi ni kitu kimoja na maji ni kitu kingine. Falaji ni mfereji wa kale unaoyatoa maji chini ya mlima na kuyapitisha katikati ya mabustani, na kila mwenye zamu hufunguliwa saa yake inapofika. Mtu anaweza kuwa na bustani kubwa na asiwe na tone la kuinywesha, na mwingine akawa na maji na asiwe na mahali pa kuyamwaga. Baba alidhani mimi nitakuwa na vyote viwili.

Mume wangu alikuwa mtu wa Ibra wa ndani kabisa, wa ukoo ambao haukuvuka bahari. Mwanzo wa ndoa alijifunza kwetu maneno matatu ya Kiswahili: njoo, chai, basi. Mwisho wa ndoa akabakiwa na moja, na hilo ndilo alilolitumia. Lakini siwezi kusema kwamba alikuwa mtu mbaya tangu mwanzo. Siku za mwanzo alikuwa akiniamsha mapema twende tukatazame maji yakiingia bustanini, tumevua viatu, naye ananishika mkono nisiteleze.

Wakati huo bustani ile ilikuwa ya jirani aliyeyakodi maji yangu. Jirani huyo alipotaka kuiuza tukainunua, na mbele yake tukajenga nyumba. Nimesema tukainunua, tukajenga. Hivyo ndivyo nilivyosema hata mbele ya kadhi, naye akanisimamisha pale pale, kwa upole, akaniuliza nani hasa. Nilikuwa mwalimu. Mshahara wangu uliingia katika saruji na mbao na nyaya za umeme. Dhahabu yangu ya harusi niliivua kidani baada ya kidani, bangili baada ya bangili, nikampa mkononi akaenda nayo sokoni Nizwa, akarudi na fundi. Hati ya ardhi ikaandikwa jina lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekwenda ofisini, mimi nikiwa darasani nafundisha watoto wa watu kusoma.

Nilimwuliza mama wakati ule kama haifai niandikiwe kidogo. Mama akanitazama kama niliyemwambia nataka kutoka nje kichwa wazi. Akasema mke hamwandikishi mumewe kama mpangaji, na kwamba mwanamke akidai karatasi ndani ya nyumba yake ameshaitia nyumba mkosi. Watu wa pwani wana methali wanayoipenda, mali bila daftari hupotea bila habari, lakini nimekuja kujua kwamba wanaisema dukani tu. Nyumbani hawaisemi.

Baba alipofariki, mama akaja kukaa nasi. Tulimjengea chumba upande wa bustani, chenye mlango wake na baraza ndogo, na mbele ya baraza akajitwalia kipande cha ardhi kisichozidi upana wa mikeka michache. Hapo akapanda asumini na mrehani. Shina la asumini lilitokana na kijiti alicholetewa na jamaa, kimefungwa kitambaa kibichi, kutoka ua wa nyumba yao ya zamani huko Unguja. Kwa nini kikashika katika udongo ule wa changarawe, sijui. Kilikuwa kinapata maji ya kwanza kabisa ya zamu yangu, kwa kuwa kipande cha mama kilikuwa pale pale maji yanapoingilia, kabla ya mitende. Kila Alhamisi mama alichuma maua, akatunga vikuba, vile vishada vya asumini na mrehani ambavyo wanawake wetu huvibandika kifuani. Wenye harusi Ibra, Sur, mpaka Nizwa, wale wetu wa Kiswahili, walimpigia simu mama. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, lakini vidole vyake havikuhitaji macho.

Kisha mume wangu akaoa mke wa pili, mtu wa Sur. Nilikataa kukaa naye nyumba moja, na asubuhi moja kabla ya chai akanipa talaka. Sitaki kuieleza asubuhi hiyo. Niliingia chumbani kwa mama nikakaa chini, nikaweka kichwa changu magotini pake kama mtoto, mimi mwanamke niliyestaafu, mwenye mtoto mwenye mvi za kwanza.

Mdogo wangu anaishi Marekani, katika jimbo ambalo mume na mke wakiachana kila walichochuma ndani ya ndoa hukatwa katikati, awe amechuma nani, kiwe kimeandikwa kwa jina la nani. Yeye mwenyewe aliachwa huko. Waligawana nyumba, gari, sufuria, na mbwa wakampangia wiki kwa wiki. Alinipigia simu akanihimiza nidai nusu yangu, akizungumza kama mtu anayeagiza mkate. Nilimwambia huku kwetu sheria ni nyingine: chako chako, changu changu, na kisichothibitishwa ni cha mwenye hati. Akasema kwamba hata mbwa wake alikuwa na haki zaidi. Tulicheka.

Na mimi sikutaka nusu. Nataka hili lijulikane, maana baadaye walisema nilikuwa na tamaa. Nilipokwenda mahakamani niliomba kitu kimoja tu: chumba cha mama na kile kipande mbele yake, abaki navyo mpaka Mungu atakapomchukua. Mlango wake ulikuwa mbali, asingemkera mtu. Nyumba, mitende, jiko nililolichagulia marumaru mimi mwenyewe, niliyaacha yote. Nilikuwa nimeshayalilia na kuyamaliza.

Kadhi alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini. Aliniuliza kwa Kiarabu kile ambacho nilijua ataniuliza.

"Una karatasi, mama? Una shahidi?"

Karatasi sikuwa nayo. Shahidi wangu alikuwa mama, na mama aliapa kwamba dhahabu iliuzwa, lakini alipoulizwa ilikwenda wapi baada ya kuuzwa, alisema ilikwenda nyumbani, na kwa kadhi hilo halikuwa jibu. Mume wangu aliulizwa. Akasema nilimsaidia kama mke anavyomsaidia mumewe, kwa ridhaa yangu, na Mungu atanilipa. Hakusema uongo hata mmoja. Ningependelea aseme uongo, ningekuwa na kitu cha kushika. Kuhusu chumba cha mama akasema nyumba imeshakuwa finyu, kwamba mke wake ana wazazi pia.

Nikapewa haki zangu za mwanamke aliyeachwa: masurufu ya eda, kilichobaki cha mahari, na kitulizo. Nyumba na bustani vikabaki kwa mwenye hati. Halafu kadhi, akifunga mambo, akasema kwamba ile zamu ya alfajiri katika falaji imeandikwa jina langu tangu kabla ya ndoa, na hiyo ni yangu, hakuna mtu wa kuigusa.

Mume wangu akainua kichwa. Alikuwa ameisahau. Miaka yote hiyo maji yaliingia bustanini mwake alfajiri, akadhani yanaingia kwa sababu bustani ni yake. Niliuona uso wake ukibadilika, na naapa kwamba tangu siku aliyoniacha hiyo ndiyo ilikuwa furaha yangu ya kwanza. Nilimkumbuka baba. Nikamkumbuka na yule shangazi na bomba lake.

Tulihamia ghorofani, nyumba ya kupanga karibu na barabara ya kwenda Sur, chini yetu kuna duka la matairi. Mama tulimpandisha ngazi kwa kiti. Alipofika juu akapapasa kuta, akauliza dirisha liko wapi, likitazama nini. Nikamwambia linatazama mlima. Lilikuwa linatazama matairi.

"Nimeshatoka nyumba moja mkono mtupu," akasema. "Lakini wakati ule nilikuwa kijana."

Hakunilaumu. Hakulitaja lile neno lake la zamani kuhusu karatasi, na mimi sikulitaja. Aliniuliza jambo moja tu, kama asumini yake itapata maji. Nikasema itapata, inshallah.

Siku ya pili nilikwenda kwa arifu, yule mzee anayezisimamia zamu za falaji. Alikulia Unguja kama wazee wangu, na Kiswahili chake ni kile cha zamani ambacho siku hizi nakisikia kwa mama tu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza hali ya mama. Nikamwambia kuanzia sasa maji yangu yasiingie tena kule. Akauliza ayapeleke wapi.

"Popote, mzee. Kwa yeyote. Isipokuwa yule."

Akanitazama kidogo, akasema maji ni yangu. Akampa mtu mmoja mwenye bustani chini zaidi, na mimi nikarudi nyumbani nimenyoosha mgongo kwa mara ya kwanza. Nilitaka mitende yake ikauke. Nasema wazi. Nilitaka asimame chini ya ile mitende ya tende za khalasi, joto limekaza, aone makuti yanavyogeuka rangi ya majani makavu, ajue dhahabu yangu ilikuwa inakunywa nini. Nilikuwa nikilala na picha hiyo kama wengine wanavyolala na tasbihi.

Mwanangu alikuja kutoka Muskat. Yeye alishasema tangu mwanzo kwamba hataki kuingia kati, na safari ile akaingia kati kwa upande wa baba yake. Aliniambia baba ameomba nimrudishie maji, kwa kukodi, kwa bei nitakayotaka. Nilimwambia akamwambie baba yake kwamba nilimsaidia kwa ridhaa yangu miaka yote, na sasa ridhaa imekwisha. Akanywa chai yake bila kuniangalia, akaenda.

Wenye pesa hawafi kiu. Mume wangu alikwenda kwenye mnada wa maji, akakodi zamu ya watu wengine, zamu ya jioni, na vibarua wake wakaielekeza moja kwa moja kwenye mitende. Nilipita pale kwa gari mara kwa mara, napunguza mwendo, natazama juu ya ukuta. Makuti yalikuwa ya kijani kama siku zote. Joto lilikaza, tende zikageuka manjano, zikavunwa. Hakuna hata mtende mmoja uliotikisika. Nilikuwa narudi nyumbani nimechoka kama niliyekwenda kwa miguu.

Na mama alikuwa anauliza. Kila Alhamisi, saa yake ya kuchuma, alikuwa anauliza kama asumini inanyweshwa. Nilikuwa nasema inanyweshwa. Mwanzo sikuwa nadanganya, nilikuwa sifikiri. Kichwa changu kilikuwa kimejaa mitende. Siku moja tu, nikiwa namwaga maji ya mchele jikoni, nilikumbuka kwamba kipande cha mama kilikuwa kinanyweshwa na maji yangu ya alfajiri peke yake, pale yanapoingilia, na kwamba maji ya jioni yanaingia kwa upande mwingine. Niliweka sufuria chini. Nikajiambia vibarua watakuwa wanamwagia kwa ndoo. Mtu akitaka kuamini kitu hujua pa kukipatia sababu.

Harusi ikaja Nizwa, mjukuu wa rafiki yake mama. Wakampigia kama zamani wakitaka vikuba, na mama akakubali kabla sijaweza kumkonyeza, na hata ningemkonyeza asingeona. Uso wake ulikuwa umeamka. Aliagiza uzi, akaagiza mrehani, akaniambia nipitie kule kwa yule mtu nikamwombe mkewe anichumie asumini, kwa kuwa maua hayana ugomvi na mtu.

Sikwenda. Nilikwenda sokoni, nikaenda mpaka Birkat al Mauz kwa mwenye bustani niliyeelekezwa, nikarudi na mfuko wa asumini nzuri, nyeupe, mbichi, iliyofungwa kitambaa chenye maji. Niliimwaga kwenye sinia mbele ya mama. Akachukua ua moja, akalipeleka puani, akalirudisha.

"Haya si yangu," akasema.

Nikamwambia mama, asumini ni asumini. Akasema nimpeleke. Nikasema jua kali. Akasema atakwenda na jua lake. Nikasema hatuna ruhusa ya kuingia. Akasema hataki kuingia, anataka kufika ukutani tu. Mwanamke yule ambaye hakunidai kitu tangu tuhame, hata dirisha, alikuwa ameshika fimbo yake na anatafuta viatu kwa mguu.

Nilimshusha ngazi, nikamweka mbele garini, na sinia lake magotini, maana hakutaka kuliacha. Njia nzima nilikuwa nafikiria cha kusema na sikukipata. Nilisimamisha gari kando ya ukuta, upande wa chumba chake, pale ambapo zamani harufu ilikuwa inavuka mpaka barabarani, na wapita njia walikuwa wanaisifu. Ukuta ule si mrefu. Mimi niliona. Shina lilikuwa limesimama, jembamba, jeupe, limekauka mpaka ncha, na mrehani haukuwapo kabisa. Ardhi ilikuwa imepasuka. Nyuma yake mitende ilikuwa imesimama imeshiba.

Mama akateremsha kioo. Akatoa uso wake nje, akafumba macho yale yasiyoona, akavuta pumzi. Akavuta tena. Ndani mtu alikuwa anaosha vyombo, tulisikia sahani.

"Siisikii," akasema.

Akanigeuzia uso.

"Maji ulikuwa unayapeleka wapi?"

Nilimwambia. Nilimwambia nilivyokwenda kwa arifu, na nilivyosema, na nilivyotaka mitende ikauke. Hasira hasara, watu husema, lakini hawasemi kwamba hasara huenda kulipwa na mtu mwingine. Sikulia. Nilikuwa sina haki ya kulia mbele yake. Alikuwa anasikiliza na vidole vyake vinapita juu ya maua ya sinia, polepole, kama vinavyopita juu ya choroko vikitafuta mawe.

Halafu akapandisha kioo.

"Kule Unguja walichukua nyumba, mwanangu," akasema. "Asumini waliiacha."

Nikawasha gari. Kabla hatujafika barabara kuu aliniomba uzi na sindano vilivyokuwa mkobani mwangu, nikampa, akaanza kutunga yale maua ya Birkat al Mauz, moja moja. Vikuba vilikwenda Nizwa. Walimpigia simu kumshukuru, wakasema vimependeza kuliko vyote. Akasema ahsanteni. Hajatunga tena tangu hapo, wala Alhamisi haulizi kitu.

Arifu hunipigia simu kila zamu inapokaribia, kama ilivyo desturi, kwa sababu yule mwenye bustani ya chini ameshapata maji yake mwenyewe na hayataki tena yangu. Mzee hunijulia hali, humwulizia mama, kisha huuliza lile lile: alfajiri ikifika, binti, niyafungulie wapi? Na mimi hushika simu, nikitazama matairi chini ya dirisha, na mama amekaa nyuma yangu anasikia, na sina pa kumwambia.